Miche ya Firmihin na Mbuzi wa Wifi

Mimi mbuzi siwapendi, na hapa Firmihin ukisema hivyo watu wanakuona una wazimu. Kisiwa kizima cha Sokotra kinaishi kwa mbuzi. Lakini mti wa damu, huu wa utomvu mwekundu usioota popote duniani ila kwetu, kila mche ukichomoza porini mbuzi kashautafuna. Ile mikubwa mlimani yote ni vikongwe wasio na watoto. Watoto wako kwangu, ndani ya ukuta wa mawe. Miaka kumi na moja nawamwagilia, na hata aliye mrefu wao hajapita shubiri.

Mwaka huu mvua ikatunyima. Majani yakabaki kwangu tu. Niliyakata kwa mundu nikawatupia mbuzi nje, mpaka yakawa mafupi, hayashikiki tena ila kwa meno.

Ndipo akaja wifi yangu Ghaniya, kampakata mwanawe Jumaani. Maziwa yake mwenyewe yamekauka. Mtoto anaishi kwa mbuzi mmoja mweupe.

"Wifi, fungua."

"Waje wanilie miche?"

"Wale majani tu."

"Ehe! Mbuzi wako wamesoma, wanajua kuchagua?"

Hakucheka. "Mweupe jana kanipa nusu kikombe. Leo matone. Mwanangu anywe nini, kivuli cha miti yako?"

Nilimchukia, wallahi. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli.

Nikakomba masufuria yangu yote, mabakuli, hata beseni la kufulia, nikafunika mche mmoja mmoja na jiwe juu. Ghaniya akakimbia kwake akaleta vyombo vyake, mpaka chungu cha samli. Bado havikutosha. Ukabaki mche mmoja. Nikasimama juu yake na fimbo, ndipo nikamwambia aondoe mawe ya mlangoni.

Mbuzi wakaingia mbio. Waliousogelea mche niliwacharaza bila huruma. Mweupe akaja wa mwisho, majani wenzake wameshayamaliza, anajikokota, mbavu zote nje. Akapenyeza shingo kati ya miguu yangu. Nikainua fimbo.

"Mpige, wifi," Ghaniya akasema. "Sitakulaumu."

Jumaani alikuwa analia, kilio chembamba cha mtoto aliyeishiwa nguvu.

Nikashusha fimbo, nikasogea pembeni. Mweupe akaung'oa mche na mzizi wake.

Ghaniya akaja kunishika mkono.

"Usinishukuru," nikamwambia. "Ukinishukuru nitakupiga wewe."