Ndiyo ya Malale

Kabla ya kiharusi, mdomo wa Malale haukuwa na breki. Mnadani alikuwa akiwatania wenye ng'ombe mpaka wanasahau kukasirika. Sasa alikuwa amebakiwa na neno moja tu, ndiyo, nalo lilitoka lenyewe, atake asitake. Akitaka maji, ndiyo. Akikataa uji, ndiyo, na kichwa nacho kinaitikia bila kutumwa. Mkewe Nyanzala alifurahi kwamba walau neno moja limepona, akaliamini.

Jumapili moja mdogo wa Malale, Kashinje, alifika kijijini kwao Mwamkulu kutoka Mamba akiwa na wazee wawili wa ukoo. Uvumi ulikuwa umeshazagaa kwamba mke kamroga mume ili abaki na ng'ombe. Kashinje alitaka kumhamishia kaka yake kwake.

"Lakini siwezi kumbeba mtu mzima kama mzigo," alisema. "Aseme mwenyewe, nyie wazee msikie."

Malale alilijua jibu lake. Hapana. Neno alikuwa nalo kichwani, zima kabisa. Akakusanya nguvu zake zote.

"Kaka, unataka twende Mamba?"

"Ndiyo."

"Shemeji abaki?"

"Ndiyo."

Wazee wakatazamana, wameridhika. Laiti mmoja wao angemuuliza kama yeye ni mbuzi! Angejibu vilevile, na wote wangeshtuka. Lakini nani atamuuliza mkubwa wa ukoo upuuzi wa namna hiyo? Heshima yao ilimmaliza.

Kwa mkono wa kushoto, ule mzima, alimshika Nyanzala khanga akaivuta kwa nguvu. Wakasema anaaga.

Nyanzala akapiga magoti mbele ya kiti cha mumewe. Tangu augue, ni yeye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani asipate vidonda.

"Baba Suzana, watu waseme wanavyotaka. Mimi nakuuliza wewe. Hata wewe unaamini nimekuroga?"

Malale alijua kitakachotoka. Akauma meno, akabana midomo mpaka mate yakamchuruzika kidevuni. Alimwomba Mungu amsaidie kunyamaza, hilo tu, anyamaze.

"Niambie tu, mume wangu," Nyanzala alimsihi, huku akimpangusa mate kwa ncha ya khanga. "Sitakasirika."

Malale alitaka kulia. Mdomo ukafunguka.

"Ndiyo."

Nyanzala akamalizia kumpangusa, akainuka taratibu, akaingia ndani kumfungashia nguo zake.