Kikapu cha Viazi Vigonjwa

Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, Modesta alikuwa wa thelathini na saba. Mama yake, Marietha, hakuwamo. Chuo kilikuwa na nafasi arobaini, naye alishika namba arobaini na tatu.

Mama na binti waliomba pamoja kusomea kilimo katika chuo kimoja cha huku Lushoto, wakafanya mtihani mmoja wa kuingia. Marietha alikuwa na miaka arobaini na sita, na cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa kimelala sandukuni tangu kabla Modesta hajazaliwa. Lakini pale kijijini kwao Malindi, huku huku Lushoto, shamba la mtu likianza kuugua, hata bwana shamba wa kata alisema, "Kamuulizeni Mama Modesta kwanza."

"Swali la tisa uliandika nini?" Modesta alimuuliza. "Lile la jina la kisayansi la kimelea cha bakajani chelewa, ule ugonjwa wa viazi."

"Niliandika simjui kwa jina, ila akiingia shambani namjua kwa harufu."

"Mama!"

"Kwani uongo?"

Modesta alicheka mpaka akakaa chini. Marietha hakucheka. Keshoye aling'oa mashina matatu ya viazi, akayapanga kikapuni, akafunga khanga yake ya kutokea, akapanda gari la asubuhi kwenda chuoni.

Aliyesahihisha mtihani ule alikuwa Mwalimu Elinuru, kijana wa miaka thelathini hivi. Alipomwona mama anaingia ofisini na kikapu, alisimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umenipima, sasa na mimi nimekuja kukupima. Maswali ni matatu tu."

Elinuru alitazama mlango, akatazama saa, mwisho akatabasamu. Marietha akaweka shina la kwanza juu ya meza, katikati ya mafaili.

"Bakajani chelewa," Elinuru alisema bila kusita.

"Vema. Na hili?"

Shina la pili lilikuwa limelegea, majani yake bado ya kijani. Elinuru aliligeuza mara mbili. "Hili limekosa maji."

"Niletee glasi ya maji safi."

Elinuru alidhani mgeni ana kiu, akaomba radhi kwa kutomkaribisha mapema. Marietha hakuyanywa. Alikata shina kwa kisu, akaitumbukiza ncha yake majini, wakangoja. Muda si mrefu uzi mweupe kama maziwa ulianza kushuka ndani ya glasi.

"Mnyauko bakteria," Elinuru alisema polepole. "Nafundisha jambo hili kila muhula!"

"Na la tatu?"

Hapo mwalimu alivaa miwani. Akataja upungufu wa madini, akakataa mwenyewe. Akataja dawa iliyozidi, akakataa tena.

"Hilo nililimwagia maji ya moto jana jioni, kabla sijaling'oa," Marietha alisema. "Nilitaka nione kama utaniuliza limetoka wapi. Mganga wa mimea asiyeuliza atatibu nini?"

Elinuru alicheka kweli kweli, kisha akakaa.

"Mama, umenishinda. Lakini nafasi siwezi kukupa."

"Kwa nini?"

"Walioomba ni mia mbili na sitini. Mmoja wao ni binti wa Mtae, huko mwisho wa barabara. Simjui yeye, simjui baba yake. Karatasi yake ndiyo iliyomsemea, akashika namba arobaini. Nikikuingiza wewe kwa kikapu, namtoa yeye, ambaye hata nauli ya kuja kunipima hana."

Marietha alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Alimfikiria yule binti, akaona haya kidogo, kisha akaona hasira haijamtoka yote.

"Basi kiingizeni kikapu ndani ya mtihani," alisema. "Wa Mtae apewe shina, wa kijiji cha Mlola apewe shina, na mimi nipewe shina. Lile lile."

Elinuru alichukua kalamu akaandika. Kamati ya chuo ilibishana miezi miwili, wengine wakisema meza zitachafuka, lakini mwaka uliofuata mtihani ulikuwa na sehemu mbili: karatasi, na meza ya mimea migonjwa.

Marietha hakutegemea meza peke yake. Kila Modesta aliporudi likizo, walipalilia wakifundishana majina ya kisayansi, na mama akawa anayaimba kama pambio la kanisani, hadi majirani wakadhani amejiunga na kwaya mpya. Kwenye karatasi alipata nusu ya alama. Kwenye meza hakukosa hata moja. Akachaguliwa, wa kumi na moja.

Modesta, sasa wa mwaka wa pili, alimpa sharti moja tu kabla hawajafika getini.

"Bwaloni usikae meza yangu, mama. Naomba sana."

"Sawa."

Marietha akakaa peke yake kwenye kona. Siku ya tatu walikuwa wawili, yeye na msichana mkimya aliyejitambulisha kuwa anatoka Mtae, naye wa mwaka wa pili. Ijumaa meza ile ilijaa wanafunzi, kila mmoja ameshika jani lenye madoa, wanabishana huku maharage yanapoa. Modesta alisimama na sahani yake, akatafuta pa kukaa kwenye meza ile, akakosa.

"Sogea kidogo, mama," alisema.