Fatiha Saba Ndani ya Kontena

Mwanasaumu binti Faki hakuwa mtu wa kujisifu, ila mwambie hajui kazi yake uone. Miaka kumi na tisa alikuwa mkaguzi wa makontena matupu katika yadi moja ya Changamwe, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na mmoja, na miaka yote hiyo chaki haikutoka mfukoni mwake. Kontena likiwa zima, alichora alama ya vema mlangoni na chini yake akaandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine. Wenzake waliandika vifupisho. Yeye alisema jina hilo alichinjiwa mbuzi wa akika kwao Mtongwe, hawezi kulikatakata ovyo.

Sasa chaki ilikuwa mezani kwa meneja, na jambo hilo lilimuuma kuliko jino.

Mwezi mmoja nyuma, kontena lenye jina lake lilipakiwa majani ya chai, mvua ikalinyeshea njiani, na chai ikafika imelowa na kuota ukungu. Lilipochunguzwa likakutwa na tundu darini, dogo la kupita sindano ya magunia. Maxwell, meneja mpya aliyetoka bara, hakumtukana. Tuseme kweli, alikuwa kijana wa adabu. Alimwambia tu, "Mama, nafikiri macho yamechoka. Pumzika getini, uwe unaandika namba za malori." Mwanasaumu akaenda getini, shingo wima. Kila asubuhi alivuka feri kutoka Likoni kama kawaida, na nyumbani hakumwambia mtu kuwa ameshushwa.

Kilichomsumbua si geti peke yake. Usiku na mchana alijiuliza tundu lile lilimpita vipi. Alikuwa amelikagua kontena kama alivyokagua maelfu mengine, hakuruka hatua hata moja. Mara nyingine alianza kuamini kuwa labda kweli macho yamekwisha, na wazo hilo lilimtia baridi.

Alhamisi moja akaja Dishon, muuza vifaa, na sanduku la tochi. Maxwell alitaka kuinunulia yadi nzima tochi za aina moja. Mbili za aina hiyo zilishatolewa mapema kwa majaribio, Mwanasaumu akiwa bado mkaguzi: moja alibaki nayo meneja mwenyewe, na ya pili alipewa Mwanasaumu, kwa kuwa ndiye mkongwe. Siku ile aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kabatini tochi yake kuukuu ya betri mbili, yenye mwanga wa manjano kama chai ya maziwa.

Dishon akasimama katikati ya yadi akaimulika tochi kubwa kwenye ukuta wa ghala, na ingawa ilikuwa saa nne na jua linawaka, duara la mwanga likaonekana ukutani. Wanaume wakapiga mbinja. Huyu akasema inafika mbali, yule akasema haivunjiki hata ikikanyagwa na lori. Dishon akacheka kwa furaha ya mtu aliyekwisha kuuza.

"Ukuta haukaguliwi," sauti ikasema nyuma yao. "Hebu tuingie nayo kontenani."

Wakageuka, kumbe ni Mwanasaumu. Oduor, fundi wa kuchomelea makontena yaliyotoboka, mtu wa miaka mingi na Mwanasaumu, akatikisa kichwa. "Mama, geti umemwachia nani?"

"Geti lina kufuli." Akamgeukia meneja. "Mwanangu, nipe kontena lolote unalolijua wewe. Nikikuta tundu, unirudishie chaki yangu. Nisipokuta na lipo, nitakaa getini hadi siku ya kustaafu, na neno langu hutalisikia tena."

Maxwell akafikiri kidogo. Akanyoosha kidole kwenye kontena moja la bluu lililokuwa likisubiri lori la chai saa sita. Mlangoni palikuwa na vema kubwa jipya. "Hili nimelikagua mimi mwenyewe asubuhi. Ni zima. Lakini twende."

Akaingia naye. Oduor akafunga milango, akaibana kwa nguvu hadi mpira wa pembeni ukalia, na wawili hao wakabaki ndani ya joto na harufu ya kahawa ya shehena iliyopita.

Kazi yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza unamulika sakafu, uone misumari, mafuta na unyevu. Kisha unazima tochi, unasimama gizani, unatazama juu na pembeni. Kama kuna tundu, jua la nje litachungulia lenyewe. Lakini jicho halizoei giza papo hapo, lazima lisubiriwe. Wengine walihesabu sekunde kwa vidole. Mwanasaumu alisoma Fatiha saba, polepole, kama alivyofundishwa na mamake katika chuo cha Kurani, na ya saba ikiisha, kama halijaonekana tundu, basi halipo. Hivyo ndivyo alivyofanya miaka kumi na tisa.

Akaiwasha tochi mpya. Kontena zima likawa jeupe, kuta zikarudisha mwanga usoni, na Maxwell mwenyewe akainua mkono akakinga macho. Wakakagua sakafu. Akazima, akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbele ya macho kulielea madoa ya kijani. Ya tano, madoa yale yale. Ya saba ikaisha.

Dari lilikuwa jeusi tii. Hakuna kitu.

"Mama," Maxwell akasema kwa upole, "tutoke, joto litakudhuru."

Mwanasaumu akahisi geti, daftari la malori, miaka iliyobaki, vyote vikimjia kwa pamoja. Lakini madoa yale ya kijani yalikuwa bado yanaelea. Na kwa tochi yake kuukuu, akakumbuka, madoa hayakuwako kabisa.

"Ngoja," akasema. Akaendelea kusoma.

Ya kumi. Ya kumi na mbili. Kijani kikaanza kufifia. Katika ya kumi na tano, juu ya kona ya kushoto, pale kiraka cha zamani kilipokutana na dari, ikatokea chembe nyeupe, ndogo kama ufuta. Haikuelea. Ilitulia pale pale.

"Waiona?"

"Naiona," Maxwell akasema.

Mwanasaumu akaketi sakafuni. "Kontena lile la chai nililikagua kwa tochi uliyonipa," akasema gizani. "Siku ya kwanza kuishika. Nikasoma saba zangu nikatoka, nikaandika jina. Saba zilikuwa za tochi yangu ya zamani, mwanangu. Hii yataka zaidi ya mara mbili. Macho yangu hayana neno, wallahi. Lakini kosa ni langu, nilibadilisha tochi nisibadilishe hesabu."

"Na mimi je?" Maxwell akauliza. "Mimi sikusubiri hata dakika. Nilizima, nikatazama, nikatoka."

Akaugonga mlango, Oduor akafungua. Wanaume wote walikuwa wamekusanyika. Maxwell angeweza kutafuta kisingizio. Badala yake akapangusa vema lake mlangoni kwa kiganja, akasema wote wasikie, "Hili limetoboka, na mimi ndiye niliyelipitisha. Lile la chai pia, tochi ilikuwa yangu." Kisha akaenda ofisini kwa miguu yake, akarudi na chaki.

"Basi Mama, tununue ipi?"

"Yenye mwanga wa kadiri, isiyobaki machoni ikizimwa. Na swichi ambayo kidole gumba kitaipata hata ukivaa glavu. Hayo mengine ya kumulika ukuta, ni ya harusi."

Dishon akainama, akachimbua chini kabisa ya sanduku, akatoa tochi ndogo nyeusi aliyokuwa akiionea haya. Mwanasaumu akaiwasha, akaizima, akaifunika kwa kiganja, akaiwasha tena. Akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo akaugeukia mlango wa bluu. Akachora alama ya kukataa, mistari miwili iliyokatana, kubwa kiasi cha kuonekana barabarani. Chini yake akaandika jina lake, taratibu, hakuacha hata herufi moja. Oduor akasema jina hilo litakula chaki yote ya kampuni.

"Acha liile," akasema Mwanasaumu.

Jioni alivuka feri bila kunawa mkono wa kulia. Dadake, Jalila, alipompokea mkoba mlangoni akauliza vumbi hilo jeupe la nini, na Mwanasaumu akaketi barazani akamweleza yote, akianza na wiki tatu za getini.