Maji Yaliyombeba Rukiyo

Magoti ya Rukiyo yalichakaa akiwa na miaka hamsini na minane. Tangu usichana alitembea na ngamia upande wa Hulugho, na sasa kutoka kitandani hadi mlangoni ilibidi ashike ukuta. Binti yake Idman, mwalimu mjini Garissa, akamleta hospitali. Daktari alitazama picha za mifupa, akasema dawa zitatuliza maumivu tu. Alihitaji mazoezi ndani ya maji, maana huko uzito wa mwili hauyalemei magoti.

Jumanne asubuhi wakaenda kwenye bwawa la hoteli moja, saa ya wanawake peke yao, lango limefungwa. Rukiyo alisimama ukingoni akiyatazama maji. Maisha yake yote maji aliyoyajua yalikuwa yamezungukwa na mifugo inayosukumana. Haya yalikuwa yametulia, ya buluu, unaona hadi chini.

“Yote haya,” akanong'ona, “na hakuna anayekunywa?”

Bilan, mwalimu wa kuogelea, alicheka, kisha akawa mkali. “Eeddo,” akamwita kwa heshima, kama shangazi yake, “vaa suruali hii na fulana. Nguo pana ikilowa inafunga miguu. Na usivuke kamba ile, mbele yake sakafu inashuka ghafla.”

Suruali alikubali. Mtandio wake mrefu, garbasaar, alikataa kabisa kuuvua. Bilan akaufunga kiunoni kwa fundo, wakashuka ngazi wameshikana mikono.

Maji yalipofika kifuani, maumivu yakanyamaza. Rukiyo aliinua mguu, ukapanda wenyewe. Akauinua wa pili. Akapiga hatua, akapiga nyingine, akacheka kwa sauti ambayo Idman hakuwa ameisikia kwa miaka.

“Subhanallah! Niko wapi mimi? Sisikii uzito wangu!”

Bilan akamwacha atembee akishika ukingo, yeye akageuka kumsaidia mwanamke mwingine. Rukiyo akausahau ukingo, akaisahau na kamba. Fundo likafunguka, mtandio ukamzunguka miguu, na sakafu ikaisha.

Hakupiga kelele. Anayezama hapati pumzi ya kuita. Idman, aliyeketi pembeni, alidhani mama yake anacheza. Bilan alipogeuka akaona mikono miwili ikipapasa hewa, akajitupa, akamshika kwapani kutoka nyuma na kumvuta hadi kwenye ngazi.

Rukiyo alikohoa maji kwa muda mrefu. Idman alikuwa akilia. “Hooyo, mama yangu, basi! Twende nyumbani!”

Bilan akamfunika taulo mabegani. “Kosa ni langu, eeddo. Sikupaswa kukugeuzia mgongo, wala kukuruhusu na nguo ile.”

Rukiyo alijifuta uso. Aliyatazama yale maji yaliyokwisha kutulia tena, kana kwamba hayakufanya lolote.

“Jumanne ijayo,” akasema, “ni saa ngapi?”

Alirudi bila mtandio, amevaa jaketi okozi. Hakuachwa tena peke yake hata dakika moja. Baada ya miezi miwili alikuwa anakwenda sokoni bila kushika mtu, na siku moja Bilan akamvua jaketi, akamlaza chali, akaondoa mkono polepole. Rukiyo akaelea. Masikio yalikuwa chini ya maji, hakusikia kitu ila moyo wake, na juu yake kulikuwa na mbingu tupu.

Jioni alimpigia simu dadake Fatumo kule Hulugho.

“Leo maji yamenibeba.”

“Ya Allah! Mafuriko? Yamekupeleka wapi?”

“Hayajanipeleka popote,” Rukiyo akasema. “Yamenibeba tu.”