Marehemu Ashika Usukani

Saa nane na nusu mchana, pikapu iliyobeba jeneza la Mzee Ezekieli ilikwama kwenye mbuga ya udongo mweusi, kilomita nne kabla ya kufika kijijini kwake, Kinyangiri. Dereva wake, Gerald, akafanya kile wanachofanya wote wasiojua: akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakarusha tope jeusi hadi kwenye shada la maua. Akakanyaga tena. Kila alipokanyaga, gari lilizidi kujikalisha, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Luciana, mjane wa marehemu, alikuwa kiti cha mbele. Alikuwa na miaka sitini na minne, na siku hiyo ndiyo aliyokaa kiti cha mbele cha gari kwa mara ya kwanza. Nyuma, chini ya turubai, alikuwa shemeji yake Philipo pamoja na wanaume wanne wa ukoo, miguu yao imebanana na jeneza.

Simu ya Luciana ikaita. Alikuwa binti yake, Theodora, kutoka nyumbani.

"Mama, mko wapi? Kaburi linaingia maji. Tumeshachota ndoo kumi na mbili. Mchungaji anasema jua likizama, hatuziki mpaka kesho."

"Tumekwama mbugani," Luciana alisema.

"Dereva nani?"

"Wa chuo cha udereva."

"Basi ngoja tuendelee kuchota."

Wanaume walishuka, wakakata majani, wakatafuta mawe, wakasukuma. Ng'ombe wa kuvuta hawakupatikana; wote walikuwa mashambani wanalima. Gerald aliendelea kukanyaga, jasho likimtiririka, mpaka tope likafika kwenye ekseli.

Saa tisa na robo, jeneza likagongwa kutoka ndani. Philipo ndiye aliyekuwa karibu, akafungua.

"Mnaunguza klachi," marehemu alisema. "Nainusa tangu tuiache lami."

Wakamsaidia kushuka, kwa sababu magoti yalikuwa yakimsumbua tangu mwaka juzi. Alivua viatu alivyonunuliwa kwa ajili ya maziko, akampa mkewe avishike, kisha akakunja suruali ya suti.

"Shikamoo, mzee," Gerald alisema.

"Marahaba. Zima gari."

Mzee Ezekieli alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma. Alikuwa ameendesha magari ya ofisi kwa miaka thelathini na moja, na baada ya kustaafu alifundisha miaka sita katika chuo cha udereva cha Laurenti, mjini Singida. Ndiyo maana Laurenti alitoa pikapu ya chuo bure kwa msiba huu, na dereva juu yake.

"Umeweka fowili, magurudumu yote manne yavute?"

"Nimeweka, mzee."

"Na huku umefunga?" Marehemu alionyesha vile vifungo viwili vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele, ambavyo visipofungwa fowili haishiki.

Gerald aliinama akavitazama. "Mimi nilidhani ni urembo."

Philipo akakohoa. Marehemu aliingia topeni, akazungusha kifungo cha kwanza kwa mkono wake, kisha cha pili, akajipangusa kwenye majani.

"Wewe umesomea wapi?"

"Kwako, mzee."

"Kwangu wapi?"

"Chuoni. Cheti umenisainia wewe." Gerald alitoa cheti mfukoni. Alikuwa amekitia nailoni kisilowe. "Tulizunguka nguzo pale uani siku mbili, mafuta yakaisha. Wewe ulikuwa umelala kwenye benchi, tukaona tusikusumbue. Mkurugenzi Laurenti akatugawia vyeti, vilikuwa vimeshasainiwa."

Marehemu alikisoma cheti mpaka mwisho, taratibu, maana miwani ilikuwa imebaki mjini. Luciana naye akachungulia. Sahihi ile aliijua. Kwa miaka sita alimwona mumewe, kila akija likizo, akiketi mezani na vitabu vya karatasi ngumu, anasaini ukurasa baada ya ukurasa huku yeye akibangua karanga. Alidhani ni mahudhurio.

"Baba Theodora," alisema.

"Laurenti alikuwa na haraka," marehemu alijibu, bila kumwangalia.

Alimrudishia Gerald cheti chake. "Sahihi ni yangu," alisema. "Lete jembe."

Wakachimba mbele ya magurudumu, si nyuma. Marehemu aliagiza tairi zote zipunguzwe upepo, akasikiliza kila moja ikipumua, akisema "basi" upepo ukitosha. Halafu akapanda, akashika usukani, miguu mitupu, akamwambia Gerald akae kule nyuma na wenzake. Jeneza lilikuwa tupu, lakini Gerald aliona ni heshima kukaa pembeni, kwenye mbao za pikapu.

Gari liliwashwa, likatulia, likatoka. Halikunguruma wala halikurusha tope. Lilitoka tu, kama mtu anavyoinuka kitini.

Luciana alikaa na viatu mapajani. Kwenye mbuga hiihii alikuwa amepita miaka mingi na furushi la uwele kichwani, na gari la ofisi likampita, mumewe ndani, bosi pembeni yake. Ezekieli alikuwa akipiga honi mara mbili, fupifupi, kumsalimu. Hakuwahi kusimama. Jioni alikuwa akimweleza kuwa gari ni la serikali, na Luciana alikuwa akimwekea maji ya kuoga.

Sasa aliutazama mkono wa mumewe kwenye gia. Ulikwenda bila haraka, ukijua pa kwenda.

"Unaendesha vizuri," alisema.

"Ndivyo nilivyokuwa naendesha siku zote."

"Mimi nilikuwa sijui."

Marehemu akashusha gia. Wakavuka korongo moja, halafu la pili.

"Ningesimama," alisema mwishoni. "Siku moja moja."

"Ungesimama," Luciana alisema, akamrekebisha kola ya shati.

Walifika saa kumi na nusu. Marehemu aliegesha karibu na kaburi, kinyumenyume, ili wabebaji wasihangaike. Akavaa viatu, akampa Theodora pole kwa kazi ya kuchota maji, akarudi mahali pake. Mchungaji alihubiri kwa kifupi. Katika wasifu ilisomwa kwamba marehemu amelizalishia taifa madereva mia nne na ishirini, na watu wakapiga makofi.

Siku ya kuanua matanga, Laurenti mwenyewe alikuja kutoa pole, amevaa suti, ameletwa na gari jingine la chuo.

"Dereva wako alitukwamisha," Luciana alimwambia.

"Lakini mlifika, mama?"

"Tulifika. Aliendesha marehemu."

"Si unaona?" Laurenti alisema kwa furaha ya kweli. "Mwalimu ni mwalimu." Akamshika mkono kwa mikono miwili. "Na usiwe na wasiwasi kabisa. Mzee alituachia vitabu viwili amesaini tayari. Vitatufikisha mwakani."

"Haya," Luciana alisema.

Alimsindikiza hadi kwenye gari. Dereva, aliyekuwa na cheti alichopewa mwezi wa tatu, alimwamkia vizuri, akafunga mkanda, akawasha, akatafuta gia ya kurudi nyuma, akapata nyingine. Boma la ng'ombe lilikuwa mbele, gari likakwama humo. Majirani waliokuwa wamekaa msibani wakaweka bakuli zao chini, wakainuka kwenda kusukuma.