Siku Arubaini na Lantana

Lantana ile niliipanda mimi mwenyewe, na nitasema hivyo kabla wengine hawajanisemea. Nilitaka uzio nyuma ya nyumba yetu hapa Koboko, nikaambiwa kwamba lantana inawafaa watu wavivu: unachomeka vijiti, unarudi ndani kunywa chai, na miiba inamaliza kazi iliyobaki. Sifa hiyo ilinivutia. Kwa miaka sita ikafanya kazi kwa bidii kuliko mimi. Ilitoka mpakani, ikaipita mipera, ikaziba njia ya kisima, ikaanza kuuzunguka mzinga wa nyuki.

Bustani ni ya Ruqaiya, mke wangu. Mimi nina duka la dawa za mashamba kwenye barabara ya Arua, na kwa miaka yote ya ndoa yetu hajaruhusu tone moja la bidhaa zangu livuke mlango wa nyuma. Huko ana nyuki wake, vinyonga wake, na chozi, wale ndege wadogo wa mdomo uliopinda wanaonyonya maua. Asubuhi huwaamkia wao kabla hajaniamkia mimi. Nimezoea.

Kisha binti yetu Kadijah akajifungua huko Arua. Mjukuu wa kwanza, wa kiume. Ruqaiya alifunga mizigo aende kumlea mzazi mpaka siku arubaini zitimie, na kabla ya kupanda gari alinigeukia.

"Baba Kadijah, mtoto akimaliza arubaini tutaleta yeye hapa. Karamu itakuwa kwa bustani, na yeye atalala kwa mkeka chini ya mpera. Ile miiba ulipanda wewe, utatoa wewe, na mikono. Ukipuliza dawa, mtoto hatakanyaga hapa tena. Na mimi sijui kama nitarudi."

Ruqaiya hafanyi mzaha akiwa amevaa nguo za safari.

Siku ya kwanza nilikata kwa panga saa nzima, nikatoka na mikono imechanika. Wiki ya pili nilikuta kila shina nililokata limetoa machipukizi matano, mabichi na yenye afya. Hapo nikagundua jambo la aibu. Mimi ninayewafundisha wakulima wa kata tatu namna ya kuua magugu, sikujua kuua gugu hata moja bila chupa. Sikumwambia mtu.

Siku ya ishirini, Ijumaa, baada ya swala, majirani wakiwa wamejilaza, nilitoa dukani chupa mbili za dawa yangu bora, ile yenye kifuniko chekundu. Nikavaa pampu mgongoni nikapuliza kila jani. Nilijiambia kwamba mvua ingeosha, majani yangekauka, nami ningevuta vijiti vikavu na kusifiwa. Kwamba ni juu ya udongo ule angelazwa mjukuu wangu, nilikumbuka baadaye, nilipokuwa nanawa mikono. Niliogopa kweli. Niliogopa hata sikula.

Kila asubuhi nikawa naenda kutafuta mizoga ya ndege. Sikuona hata mmoja. Nyuki walikuwa kazini kama kawaida, na chozi wawili walikuwa wamejenga kiota ndani ya lantana yenyewe. Siku ya tano tangu nipulize nilimshukuru Mungu. Siku ya kumi lantana ikachanua maua, ya njano na ya waridi, mengi kuliko mwaka uliotangulia. Nikaacha kushukuru.

Nilifungua chupa nyingine, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne ya kuiuza nikainusa. Ilinukia sabuni. Dawa hiyo nilikuwa naletewa na bwana mmoja wa pikapu, kwa bei nzuri sana, na sikuwahi kumuuliza kwa nini ni nzuri hivyo. Neema haihojiwi, ndivyo nilivyojiambia.

Ndipo nikawakumbuka wakulima wangu. Walikuja mara nyingi kulalamika kwamba majani hayafi, na aliyekuja zaidi ni Lokule wa Abuku. Mara ya kwanza nilimwambia, mbele ya wateja, kwamba amechanganya na maji baridi. Mara ya pili nilimwambia amepuliza akiwa ameligeuzia jua mgongo. Mara ya tatu nilimshauri ajifunze kusoma kwanza.

Mara ya nne alikuja siku hiyo hiyo niliyoinusa chupa. Alikuta duka limefungwa, akaja nyumbani na chupa yake tupu, akazunguka nyuma. Akanikuta nimesimama mbele ya lantana inayochanua, chupa mkononi, pampu miguuni. Aliangalia chupa, akaangalia maua, akakaa juu ya jiwe.

"Hajji," alisema. Wote huniita hivyo, ingawa Makka sijafika. "Wewe ulichanganya na maji ya namna gani?"

Niliificha chupa nyuma ya mgongo.

"Labda ilikuwa baridi," aliendelea.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Nilitamani kumfukuza, lakini nilikuwa nimebakiwa na siku kumi, na nilijua kipande kimoja cha shamba lake sasa ni safi kwa sababu hapo alikuwa ameacha kuzitegemea chupa zangu. Nikamwomba anifundishe.

"Nitakusaidia," alisema. "Nataka kuona wewe umeinama."

Akaniona, tena kwa siku tisa. Alinionyesha kukata shina usawa wa goti, ili libaki la kushika, kisha kuchimba kulizunguka na kung'oa mzizi wote. Ukiacha kipande cha urefu wa kidole, kitarudi. Matawi tulianika mbali, juu ya mawe, tukayachoma kabla mbegu hazijaanguka. Kichaka kimoja hakunikubalia kukigusa, kile chenye kiota.

"Hii wacha mpaka watoto yake iruke," alisema.

Mgongo uliniuma, mikono ilivuja damu, na nakiri kwamba nilikuwa na furaha ambayo dukani sikuwahi kuipata. Njia ya kisima ilionekana tena. Siku ya mwisho nilimwomba Lokule jambo moja: anyamaze kuhusu dawa.

"Mimi sitasema kitu," alijibu. "Lakini mutu akiniuliza, sitadanganya."

Siku ya arubaini bustani ilijaa. Kisra, mikate yetu myembamba ya mtama, iliandaliwa, watu wakaketi, na wengi wao walikuwa wateja wangu, kwa kuwa niliwaalika mwenyewe. Ruqaiya alifika kutoka Arua pamoja na Kadijah, akamlaza mtoto chini ya mpera, akatembea polepole akitazama kila pembe. Kisha akaishika mikono yangu yenye makovu, akaiinua mbele ya watu.

"Huyu mzee iko na duka nzima ya dawa," alisema, "lakini ametumia mikono yake."

Wanawake walipiga vigelegele. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, jambo ninalolifanya vizuri.

Yeye akaenda kuwaona makinda wa chozi katika kile kichaka kilichobaki. Aliporudi alikuwa ameshika kitu kwa vidole viwili. Kilikuwa kifuniko chekundu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka, akamnyanyua mtoto, akamwambia Kadijah achukue mkoba wake, wanarudi Arua.

Sijawahi kufikiri haraka kama siku ile, na sikupata njia ya tatu. Kama dawa yangu ni dawa, nimemlaza mjukuu wangu kwenye sumu. Kama si dawa, walioketi pale mbele yangu nimewaibia miaka minne. Ruqaiya alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mama Kadijah, weka mtoto," nilisema. "Ile dawa haina kitu. Ni maji ya sabuni."

Alisimama. "Unajua namna gani?"

"Nilipuliza hapa bustani yote. Nisamehe. Angalia kile kichaka, kina maua. Angalia ndege."

Hakuwaangalia ndege. Alimwangalia Lokule. "Lokule, iko kweli?"

Lokule aliweka sahani chini. "Iko kweli, mama. Mimi nimepuliza shamba yangu miaka nne. Majani inanenepa tu."

Kwa maneno hayo aliiokoa nyumba yangu na kulizika duka langu. Hakuna aliyecheka. Ezati, mzee aliyekuja kutoka Adumi, na ambaye yeye pia nilimfukuza dukani siku moja kwa sababu hiyo hiyo ya maji, aliinua kichwa.

"Kwa hiyo maji yangu haikuwa baridi?"

"Haikuwa," nilisema. Neno hilo lilikuwa gumu kulitoa kuliko mzizi wowote wa lantana.

Ruqaiya alirudi na mtoto kutoka mlangoni. Mkekani hakumweka. Alinipa mimi, mikononi.

"Kesho utaanza kwa Lokule," alisema. "Ukimaliza, kwa mzee Ezati. Halafu wengine wote. Na mikono."

Mtoto alinikamata kidole kilichochanika, nami nikaitikia kwa kichwa. Lokule aliichukua tena sahani yake.

"Mimi iko na eka mbili, Hajji," alisema. "Lakini usikuje mapema sana. Nataka watu waamke kwanza."