Nani Yumo Nyumbani?

Mwacha mila ni mtumwa, lakini katika kikundi cha ngoma cha Nakaloke, mwenye mila mbili ndiye aliyeambiwa aache moja ili awe huru. Aliambiwa hivyo mchana, ngozi za ngoma zikikazwa kwa moto wa majani makavu ya migomba. Geresom, kiongozi wa kikundi, aligonga ngozi kwa kidole, akasikiliza, akairudisha motoni.

"Mariat," alisema, "Jinja utaimba Kigisu tu. Wewe ni mtoto wa Namono. Inatosha."

"Na Nasuru?"

"Nasuru amekufa."

"Ndiyo maana haji kuimba mwenyewe."

Namono, mama yake, alikuwa Mgisu wa hapo Nakaloke. Nasuru, baba yake, alikuwa Mnubi Mwislamu wa Jinja, mpiga tarumbeta katika bendi ya polisi. Hakuwahi kubeba bunduki. Lakini alivaa sare na alisema Kiswahili, na mwaka wa sabini na tisa, serikali ya wanajeshi ilipoanguka, hayo mawili yalitosha. Majirani walimtoa asubuhi. Kufika adhuhuri nyumba ilikuwa tupu, hata bawaba zimeng'olewa. Namono alimfunga binti yake leso kichwani, akamkataza kufungua mdomo njiani, wakarudi Nakaloke, upande wa Mbale.

Sasa vita ilikuwa imepoa, na Mariat ndiye aliyeongoza nyimbo. Katika kadodi, ngoma ya Wagisu, kiongozi huita na watu huitikia, ngoma zikipita nyumba hadi nyumba. Kikundi chao kilikuwa na kanuni moja: asiyeitikiwa huvua njuga akampa mwingine, na harudishiwi.

Wito aliotaka kuupeleka Jinja ulikuwa wa baba yake. Nasuru alipotoka kazini aliimba akiwa bado barabarani, "Nani yumo nyumbani?" na wote waliomo wakajibu, "Tumo!" Maneno hayo yaliingia ndani ya mdundo wa kadodi kama mguu ndani ya kiatu chake. Kikundi kilikataa kuyaitikia. Walisema Kiswahili ni lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya "lala chini" na "toa kitambulisho". Geresom, aliyewahi kuwa askari jela, alilisema hilo kwa Kiswahili, kwa maana hasira yake ilifunzwa na maafande na haikujua lugha nyingine.

"Ukiita hivyo, sisi kimya," alisema. "Utavua njuga mbele ya watu."

"Nitavua."

Huko Jinja walialikwa na mtaa uliokuwa umejenga upya ukumbi wake. Mwenyeji wao alikuwa mzee Bogere, mfanyabiashara wa samaki wa Masese. Alasiri ngoma ziliingia mtaani. Mariat aliimba Kigisu, na Wasoga, wenyeji wa Jinja, wakaitikia kwa furaha maneno wasiyoyajua. Kisha wakakata kona, akaiona nyumba aliyozaliwa. Zilibaki kuta na mbuzi. Alivuta pumzi, akaita.

"Nani yumo nyumbani?"

Kikundi kilinyamaza kama kilivyoahidi. Mkono wa Mariat ulishuka kwenye kamba ya njuga.

"Tumo," ilijibu cherehani ya fundi, barazani upande wa pili, kwa sauti nyembamba.

"Tumo," ulijibu mlango wa buluu wa nyumba ya jirani, kwa sauti nzito zaidi. Kitanda cha chuma kilijibu kutoka chumbani mwa watu, kabati likafuata, kisha vikombe vilivyokuwa ndani yake, kama watoto wasiotaka kuachwa.

Hakuna aliyekimbia. Fundi aliitupia cherehani blanketi, akaendelea kutafuta mkasi wake. Mwenye mlango wa buluu aliuegemea kwa mgongo, nao ukaitikia kupitia mbavu zake. Mwanamke aliyekuwa akikaanga mandazi aliinama juu ya chombo chake.

"Kumbe sufuria yangu Islamu!" alisema. "Na mi napikia nguruwe!"

Watu wakacheka. Mariat alipita mlango baada ya mlango, akiita. Nyumba yao haikuwa imepotea. Ilikuwa imetawanywa tu, na kila kipande kilikuwa bado kinamsubiri mtu atoke kazini. Hakuna aliyewahi kuitikiwa vile. Hata mpigaji wa ngoma kubwa alionekana akichezesha midomo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bogere. Pale ilijibu tarumbeta, chini ya kitanda, ikipuliza "Tumo" kwa noti mbili safi. Asubuhi walipomtoa Nasuru, alikuwa ameikumbatia kifuani. Haikuwa miongoni mwa vitu vilivyoachwa ndani. Hivyo mtaa mzima ulijua ni nani aliyekuwa karibu na Nasuru mwisho wake. Ulikuwa ukijua tangu zamani. Watu walitazama viatu vyao kidogo, kisha wakaenda ukumbini kula samaki.

Baada ya chakula Bogere alimwita Mariat mbele. Alisema Kiswahili, ili Wasoga na Wagisu wote wamsikie.

"Mtoto, umetukosea. Sisi tulisha kusahau. Omba ladhi, tupige makofi, ngoma iendelee."

"Omba, mwanangu," alisema Geresom. "Ama vua njuga."

"Niliitikiwa."

"Na watu?"

"Kanuni haisemi watu."

Geresom alifikiri. Kweli haikusema. Njuga zikabaki miguuni.

"Na tarumbeta?" Mariat akamuuliza Bogere.

"Tarumbeta ni yangu. Nimekaa nayo sana."

Nje, fundi alikuwa ameondoa blanketi na kurudi kazini. Cherehani ilishona huku ikijibu, naye alikuwa ameanza kukanyaga kwa kufuata mdundo wake. Yule mwanamke alikuwa akisugua sufuria, akiiambia inyamaze kidogo, kama unavyomwambia mtoto wa kwako.

"Ladhi," alisema Bogere tena. "Mbele ya watu."

Mariat alisimama. Alisema taratibu, kila herufi mahali pake, asiwepo wa kudai hakusikia.

"Radhi siombi. Si leo, si kesho, na si kwa lugha yoyote ninayoijua."